Nipe Mji wa Sarandi

Mchana wa Jumapili, nyumbani kwake Tanga, mstari wa kijani unatambaa kwenye runinga kama konokono aliyeshiba, na Hidaya Mbaruku, mwalimu wa kemia, mama wa watu, amekaa juu ya zulia akiusubiri kama mtoto anayesubiri pilau ya sikukuu. Gemu inayopakuliwa ni Njia ya Sarandi, ile ya utotoni, ya shujaa mwenye upanga anayetembea mji hadi mji akiutafuta mwezi ulioibwa. Sasa wameitengeneza upya, nayo haitoki yote kwa pamoja bali vipande vipande, na leo ni kipande cha kwanza. Mdogo wake, Sudi, amejilaza kwenye kochi, pedi ya kuchezea kifuani. Dada, anasema, wakiiharibu ile nyumba ya wageni ya Sarandi, naizima papo hapo. Huizimi, Hidaya anamjibu, mimi nakujua. Lakini roho yake mwenyewe haijatulia. Zamani gemu ile ilikuwa ya Kijapani kitupu, hakuna nyumbani aliyejua hata neno, kwa hiyo wao wawili wakawatungia watu wake maneno, na mwenye nyumba ya wageni, mwanamke wa vidoti vichache vya zambarau, alisemewa na mama yao, Bi Zubeda. Mama alikuwa akipita na ungo wa mchele, anasimama, anaikaza sauti: karibuni wanangu, vueni viatu, humu si zizini. Mama ametangulia mbele ya haki, sauti yake hakuna aliyewahi kuirekodi, na leo mwanamke wa zambarau atapewa uso mpya na sauti ya mtu baki. Mstari unatambaa, feni inazunguka, kope za Hidaya zinakuwa nzito, zulia linakuwa nyasi, na nyasi zinafunguka zinakuwa njia.

Njia hii anaijua. Ni ya Sarandi, ila zamani ilikuwa na miti mitatu ileile inayojirudia, na leo kila mti una jani lake na kila jani lina kivuli chake, na njia inakunjuka mbele yake, haina mwisho, kila akipanda kilima kinazaliwa kilima kingine. Hayuko peke yake. Watu wamejaa njia nzima, mashabiki wa kila nchi, na ajabu ni kwamba anaielewa lugha ya kila mmoja. Mwanamume mmoja amebeba mlango wa zamani kichwani, jasho linamtoka, anasema, nawapelekea wasije wakauweka mwingine. Binti mmoja anataka farasi waruke. Bibi mmoja anasema, nywele za shujaa zikizidi weusi kidogo tu mimi nageuza, na hapo hapo anaongeza mwendo asije akachelewa. Wanabishana, wanatukanana kidogo, kisha mmoja anaanza kupiga mluzi wimbo wa vita wa gemu ile na wote wanaufuata, hata waliokuwa wakitukanana, na Hidaya naye anajikuta anapiga, kifua kimemjaa mapenzi kwa watu asiowajua. Ndipo anapomwona Bwana Mwendo, kiongozi wa njia, amesimama pembeni na joho lake la bluu, hana uso, kwa sababu zamani vidoti havikutosha kumpa uso. Hidaya anamwambia, shikamoo Bwana Mwendo, nipeleke nyumba ya wageni. Marahaba, anasema yule asiye na mdomo. Mji umesimama palepale nao umehama, twende.

Sarandi inatokea mbele yao, na kuta zake zote ni vioo. Watu wanatawanyika humo, kila mmoja anajitazama ukutani na kulia kwa furaha, huu ndio, huu ndio wenyewe, ingawa kila mmoja anaona mji wake: yule wa mlango anaona mlango, yule binti anaona farasi angani. Hidaya anasogelea kioo chake na ndani yake kuna sebule ya zamani, ungo wa mchele, na kitambaa cha kichwani cha mama. Mama amempa mgongo. Hidaya anakigonga kioo kwa kucha, mama, mama, na mgongo haugeuki. Anamgeukia Bwana Mwendo, anamuuliza, mwanamke wa zambarau yuko wapi? Yumo ndani, anajibiwa, hana uso, hana sauti, anasubiri, kila mmoja wenu amemfungia kwenye kioo chake. Halafu anasema, kitendawili. Hidaya anajibu kwa mazoea, tega. Nimeugawa mkate wangu wote, kapu langu bado limejaa. Hidaya anafikiri, anasema mvua, hapana, anasema elimu, hapana, anasema upendo, na Bwana Mwendo anatikisa joho. Umeshindwa, nipe mji.

Chukua Muheza, anasema Hidaya. Sitaki. Chukua Korogwe, na Pangani juu yake. Bwana Mwendo anasema, nipe Sarandi. Sikupi, anasema Hidaya, Sarandi ni ya mama yangu, nikikupa wewe utawapa hawa wote, watamwekea sauti ya mgeni, na mimi sina Sarandi nyingine. Anajibandika kwenye kioo kwa mikono miwili, analia bila haya. Nyuma yake makelele yanapungua, kwani watu wamegeuka kumtazama, na yule bibi wa nywele za shujaa anamjia, anamshika bega, anasema, mwanangu, mimi niliicheza na marehemu mume wangu, wodini. Hidaya anamtazama, anawatazama wote na milango yao na farasi wao, anaelewa kwamba hakuna aliyekuja mikono mitupu. Anaiondoa mikono yake kwenye kioo. Haya, anasema, Sarandi nakupa. Bwana Mwendo anainama, anasema kama wategaji wote wasemavyo, nimekwenda Sarandi, nikalishwa, nikalazwa, nikapewa kisa cha kusimulia njiani, na jibu ndilo hilo nililopewa. Hadithi, anasema Hidaya. Vioo vinayeyuka kama barafu, na katikati ya mji umesimama mlango mmoja, unafunguka.

Amka dada, tumefika. Sudi anamtikisa. Kwenye runinga, mwanamke wa zambarau ana uso, ana mikunjo na hereni, anafungua mlango na kusema kitu kirefu kwa sauti nzito isiyofanana kabisa na ya Bi Zubeda. Hidaya anasubiri imchome. Haimchomi. Chini kuna maandishi ya Kiingereza ambayo wote wawili wanaweza kuyasoma, lakini Sudi hayatazami, anamtazama dada yake kama zamani, anauliza, anasemaje? Hidaya anaikaza sauti kama mama. Anasema mmechelewa mno, wali umepoa, na huyo mwenye panga la kukatia minazi akanawe kwanza. Sudi anacheka mpaka pedi inadondoka. Mwingine naye anacheka, labda kwenye runinga, labda jikoni, labda bado kule njiani, na Hidaya, asiyejua kama ameamka, anamshika mdogo wake mkono. Usibonyeze kwanza, anamwambia, mwache amalize.