Mguu wa Kwanza wa Mwaka

Mimi ni mtu wa haraka, tuanze na hapo. Nikiona mlango uko wazi, naingia. Nikiona mtu mzima, namwamkia kabla hajaniona. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Iloilo, Ufilipino, na ndivyo nilivyojiponza asubuhi ya mwaka mpya wangu wa kwanza hapa Hải Phòng, ule wao unaofuata mwezi, wa mwishoni mwa Januari au Februari.

Nilikuwa na miezi mitatu tu Vietnam. Nilikuja kufundisha Kiingereza katika shule ya watoto, nikapanga chumba kwa Bi Nhàn, muuza tambi za supu ya kaa. Chini palikuwa na mgahawa na jiko, juu tunalala: mimi chumba cha mbele, Bi Nhàn na mumewe, Mzee Thức, cha nyuma. Kile kichochoro nilikipenda siku ileile niliyoshusha begi. Kelele zake, harufu zake, majirani wanaojua umekula nini jana! Niliapa sitoki. Ila Bi Nhàn mwenyewe hakuwa na uhakika na mimi. Aliniita "Mwalimu", ananipa bakuli langu la tambi, anarudi jikoni.

Basi asubuhi ile nilikuwa natoka misa ya alfajiri. Nimependeza, acha! Kwetu mwaka mpya unavaa madoa ya mviringo na unabeba matunda ya mviringo, ili neema iwe tele. Gauni langu lilikuwa jeupe lenye madoa meusi. Mkononi nina machungwa, mapera na tikiti dogo. Mlangoni nikamkuta bwana mmoja kavaa suti, anatazama saa, kijasho kinamtoka. Nikajua anaona haya, maskini.

"Karibu ndani, mjomba, usiogope," nikamwambia, nikampita nikaingia. Tena sikuingia kistaarabu. Kwetu siku hiyo unaruka ili mwaka ukurefushe, na mimi urefu nimenyimwa. Nikaruka mara tatu katikati ya mgahawa.

"Heri ya mwaka mpyaaa!"

Bi Nhàn alikuwa amesimama mbele ya picha za marehemu wazazi wake na vijiti vya ubani mkononi. Vikamdondoka. Mzee Thức akajishika kichwa. Yule bwana wa suti akachungulia, akakohoa kidogo.

"Basi, dada, mimi nirudi tu," akasema, akaenda zake.

Hapo ndipo nikaelezwa. Mguu wa kwanza kukanyaga nyumba mwaka mpya ndio unaouleta mwaka wenyewe, uwe wa heri au wa shari. Yule alikuwa Bwana Khoát, mwenye afya, mwenye biashara iliyonyooka, tena nyota yake inapatana na ya Bi Nhàn. Alibembelezwa tangu Oktoba aje saa moja kamili, na zilikuwa zimebaki dakika nne. Mwaka uliotangulia walimwachia shemeji yao aingie, Mzee Thức akavunjika mguu na mgahawa ukakosa wateja. Sasa nimeingia mimi, mgeni nisiyejulikana nyota yangu, nimevaa nyeupe, rangi ya matanga.

Bi Lụa, muuza tofu wa nyumba ya mkabala, alikuwa ameshaona yote kutoka dirishani kwake.

"Nhàn we!" akapaza sauti. "Huyo amekuja kuleta mwaka au amekuja kuzika?"

Kichochoro kizima kikacheka. Bi Nhàn hakucheka.

"Mwalimu," akaniambia, "ulichokiingiza ndicho tutakachokula mwaka mzima. Kikiwa chema, sawa. Kikiwa kibaya, mwaka ukiisha utatafuta chumba kwingine."

Mdomo wangu haujui kunyamaza. "Utakuwa mwema," nikasema. "Mimi mwenyewe nitausimamia."

Loo, nilijitia kitanzi! Sufuria likivuja, "Mwalimu!" Pampu ya maji ikigoma, "Mwalimu!" Mzee Thức aling'oka jino akitafuna muwa, akapanda ngazi hadi chumbani kwangu kunionyesha.

"Na hili, Mwalimu?"

"Hilo ni la uzee, mzee wangu. Usinisingizie."

Yeye alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mkewe ndiye aliyekuwa akihesabu mikosi yangu moja moja. Nikaona nikikaa juu nikingoja bahati ishuke yenyewe, nimekwisha. Nikapiga moyo konde, nikashuka jikoni alfajiri kabla ya kwenda shule.

"Nipe kazi," nikamwambia Bi Nhàn.

Akanipa mchi, na nadhani alitaka kunikomoa. Kaa wa mashamba ya mpunga wanatwangwa na magamba yao mpaka walainike kabisa, ndipo wanachujwa, na kinu cha Bi Nhàn hakina huruma. Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge, nikaandika ubaoni shuleni nikitumia vidole viwili. Siku ya pili nikarudi. Ya tatu nikarudi. Kufika Aprili nilikuwa natwanga huku nasimulia umbea wa shule, nabeba mabakuli manne kwa mpigo, na naendesha pikipiki na kapu la mboga nyuma nikipiga honi bila sababu, kama wenyewe. Raha niliyoisikia! Nikilala ninaota supu.

Siku moja nilitumwa sokoni peke yangu kununua kaa. Nikagombana na yule mama muuzaji kwa Kivietinamu changu kilichovunjikavunjika, nikarudi naimba.

"Amekupunguzia?" akauliza Bi Nhàn.

"Amenipunguzia, na amenitukana!"

"Amekutukana? Basi amekuzoea," akasema, na ndipo nikaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Septemba kikatangazwa kimbunga. Kichochoro chote kikasema kitapinda baharini, hupinda kila mwaka. Mimi nimezaliwa na vimbunga, wakati mwingine hata viwili kwa mwezi. Nilitazama mawingu, nikasikia upepo umekata ghafla, nywele zikanisimama. Nikaomba kamba za nailoni, nikajaza mchanga kwenye magunia, nikapanda juu ya paa la bati la jiko. Mzee Thức alinishikia ngazi akiniombea dua.

"Mwalimu!" Bi Lụa huyo, dirishani kwake. "Unafunga paa lisitoroke? Linakwenda wapi, Manila?"

"Nikufungie na lako, shangazi?"

"Langu lina adabu zake!"

Upepo ulikuja mchana ule. Tulikaa chini ya ngazi, mimi, Bi Nhàn na Mzee Thức, tumeshikana mikono, na kila bati lilipolia Bi Nhàn alinitazama mimi. Sikuwahi kuogopa vile hata kwetu. Sikuogopa kufa. Niliogopa paa liende, na chumba changu kiende nalo.

Kulipotulia tukatoka. Paa letu lilikuwa palepale, limetota tu. Paa la Bi Lụa tulilikuta kwenye uwanja wa shule yangu, limelala golini.

Majiko ya kichochoro yote yalikuwa maji matupu isipokuwa letu. Bi Nhàn akabandika sufuria kubwa, akalisha watu siku tatu bila kuuliza nani ana nini. Waliokula wakarudi wiki iliyofuata na ndugu zao, na ndugu zao wakaleta marafiki, mpaka tukapanga viti vya plastiki milangoni kwa majirani. Mimi nilimfungia Bi Lụa paa jipya kwa mikono yangu. Aliposhuka ngazi alinishika mashavu.

"Huyu mtoto ana nyota!" akatangaza. "Mwaka mpya atafungua nyumba yangu. Nimewahi, mtu asiniingilie."

"Samahani, shangazi, nimeshachukuliwa," nikasema kwa maringo.

Nani kanichukua? Hakuna. Bi Nhàn hakuwa ametamka neno. Lakini nilijua tu. Nikanunua gauni jekundu, jekundu kabisa. Januari ikaingia, tukapaka rangi, tukafunga keki za wali kwenye majani hadi vidole vikawa kijani. Kila Bi Nhàn alipofungua kinywa, moyo ulinidunda. Kumbe anaomba mkasi.

Hata siku ya mwisho ya mwaka, nikamsikia kwenye simu. "Kaka Khoát, tafadhali, usituangushe. Saa moja kamili."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi. Nikatupa majani chini.

"Bi Nhàn, kwani mwaka ulikuwa mbaya?"

"Mwaka gani?"

"Huu! Wangu! Nimetwanga, nimebeba, nimepanda paa! Kama unataka nihame niambie usoni, nifunge virago."

"Ulikuwa mwaka mzuri. Sijapata mwingine kama huo tangu niolewe."

"Sasa Bwana Khoát wa nini? Na gauni jekundu nimenunua!"

Alinitazama kama nimetia chumvi kwenye chai. "Thức, njoo umsikie mtoto huyu, ana wazimu." Akapangusa mikono. "Anayefungua mwaka ni mtu wa nje. Anatoka kwake, anakuja kwako. Wewe utatoka wapi uje hapa? Mtu anakuwaje mgeni nyumbani kwake?"

Machozi yakanitoka mbele ya majani ya keki, wala sikuyaficha.

"Halafu Lụa alikuja asubuhi kukuomba," akaendelea, "nikamwambia nitamwazima wewe uifungue nyumba yake. Khoát akishaingia, ndipo utoke. Ole wako utoke kabla, urudi uniharibie tena."

Asubuhi nilisimama ndani na gauni langu jekundu. Bwana Khoát aliingia saa moja kamili akiniangalia kwa wasiwasi, kana kwamba nitachomoka nimtangulie. Kisha nikavuka kichochoro. Bi Lụa alikuwa amefungua milango yote miwili.

"Ruka," akasema.

"Niruke?"

"Kwa Nhàn si uliruka? Ruka na hapa, mara tatu, usinipunje."

Nikaruka moja. Nikaruka ya pili. Ng'ambo ya kichochoro sauti ya Bi Nhàn ikapasua asubuhi, na safari hii hakusema Mwalimu.

"Perlita! Maliza kuruka urudi nyumbani, tunakungoja wewe tu tuwashe ubani wa wazazi!"

Ya tatu niliiruka huku nimeshageukia mlango, nikakimbia.