Kona Isiyoota Kitu

Nawatega, wajukuu zangu, na wewe uliyeegemea mlango usidhani umesamehewa: mgeni wangu nimemtandikia, nimemfunika, nimemnywesha maji, lakini kila nikimwamsha haamki. Nani huyo?

Msikimbilie kusema maiti, maiti hanyweshwi. Wala msiseme mlevi. Mlevi huamka, tena kwa kelele. Fikirini huku nasimulia. Mkishindwa mtanipa mji, na mji nitakaoutaka ni wenye bustani.

Enzi hizo ua wangu ulipakana na ua wa Mama Dobi. Kati yetu palikuwa na mabati yaliyochakaa, yenye tundu la kupitishia bakuli la chumvi na maneno. Jina lile alilirithi kwa marehemu mumewe, aliyewafulia watu nusu ya mtaa. Mimi nilihamia pale dobi ameshazikwa, pasi zake za mkaa zimepangwa dirishani kama mapambo, kwa hiyo kazi yake niliisikia tu, sikuiona.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha Mama Dobi, cha pili cha mwanawe na mke wa mwanawe. Huyo mwana alikuwa fundi wa malori, kazi yake mbali, akija nyumbani ni pale tajiri wake anapokuwa na furaha, na tajiri yule hakuwa mtu wa furaha. Mkewe tulimwita Bi Mkasi. Alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda cha mashati, anapanga vitambaa tabaka juu ya tabaka, anapitisha mkasi mkubwa mara moja, na mashati yote yanatoka ndugu wa tumbo moja. Kisha kiwanda kikafungwa. Bi Mkasi akabaki nyumbani na mama mkwe wake, wanatazamana.

Wakati huohuo binti wa Mama Dobi alikuwa ameachwa na mumewe, akawa analala sakafuni kwa shoga yake. Kila jioni nilimsikia Mama Dobi akipumua kwa nguvu: "Mwanangu analala chini kwa watu, na mtoto wa watu analala kitandani kwangu." Mabati hayana siri. Lakini kumfukuza mke wa mwanao bila kosa ni aibu, na Mama Dobi aliogopa aibu kuliko njaa.

Basi siku moja akamwita.

"Mke mwana, nyumba hii haina mtu wa kukaa mikono mitupu. Ile kona ya nyuma nakupa, lima mboga. Zikiota, wewe ni mtu wa hapa, sitatia neno. Mvua zikiisha na hazijaota, nenda kwenu ukapumzike, mpaka mumeo apate pa kukuweka."

"Mama, mimi sijawahi kushika jembe."

"Na mkasi ulizaliwa nao?"

Bi Mkasi akacheka. Alidhani anachokozwa kwa upendo, maskini. Akaja kwenye tundu, akaniambia: "Bibi, nimepewa shamba!"

Shamba lenyewe mkeka tu, ila alilishangilia. Akachukua futi yake ya kupimia na chaki, akachora mistari iliyonyooka hata ukaogopa kuikanyaga. Kisha akapanda mchicha. Mbegu ya mchicha, mnaijua, ni ndogo kama nukta. Yeye akaitoboa ardhi kwa kidole, mpaka kidole kikazama chote, akatia, akafukia, akashindilia kwa kisigino.

"Mbona chini hivyo?" nikamuuliza.

"Bibi, kilichoshonwa juu juu hufumuka."

Nani abishane na fundi? Tukangoja. Hakikuota kitu. Mama Dobi akapita na ufagio wake, akasimama kwenye mistari ile. "Haya tuambie, umepanda au umezika? Kama ni msiba, tuandae viti."

Hapo nilicheka hata mimi. Kosa lilikuwa la kuchekwa.

Mara ya pili akaenda zizini, akarudi na samadi mbichi bado inatoa mvuke, akaimwaga kama anayelipiza kisasi, na juu yake akachomeka miche ya nyanya. Ikaungua yote. Mara ya tatu aliotesha kwanza kwenye kitalu, kitanda kidogo cha miche, chini ya kivuli cha kanga kuukuu, na miche ikatoka mizuri. Akaihamisha saa sita mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu kiwandani saa sita ndiyo ilikuwa saa ya kubadilisha kazi. Kufika alasiri imelala chali.

"Kuna watu na kuna mikono," akasema Mama Dobi, kwa sauti ya kufika barabarani. "Mkono mwingine hata ukishika jiwe linanyauka."

Maneno yale yalipita tunduni, yakapita na kwa jirani wa pili, na mtaa mzima ukayashika. Bi Mkasi akipita dukani, muuza duka anasogeza kikapu cha vitunguu: "Usiguse, dada, nina watoto." Utani, ndiyo. Lakini utani ukirudiwa sana huwa ushahidi.

Hakuacha. Alikwenda sokoni kwa wanawake wauza mboga, akawauliza maswali mpaka wakambandika jina la Mpelelezi. Unafukia kiasi gani? Samadi unaiacha ikae mpaka iweje? Maji unamwaga saa ngapi? Nao wakamfundisha, kwa kumcheka na kwa kumwonea huruma. Akajua kwamba mbegu hufunikwa udongo unaolingana na unene wake, basi. Akajua samadi hungojwa mpaka ipoe na kunuka kama mvua. Akajua kuhamisha miche jua likishuka, na kumwagilia taratibu, kwenye shina, si juu ya majani. Alitengeneza matuta, akayawekea nyasi kavu juu yasikauke. Niliangalia kazi ile nikasema moyoni, mwanafunzi amehitimu.

Akapanda tena kila kitu: mchicha, bamia, nyanya. Na kwa vile mkata vitambaa hatupi kipande, miche iliyozidi aliichomeka kwenye ndoo iliyotoboka niliyompitishia juu ya mabati, ikiwa bado na udongo wa kwangu wa pilipili.

Kitandikwe, kifunikwe, kinyweshwe, hakikuamka. Sasa mmekwisha kujua mgeni wangu ni nani. Ni mbegu. Mji wangu nimeukosa, lakini hadithi haijaisha.

Maji yalituama juu ya matuta kama yamemwagwa kwenye sahani. Yalipokauka, udongo ulitoa weupe juu, mfano wa chumvi. Bamia chache zilizochungulia ziliungua pembeni mwa majani, zikajikunja, zikafa. Bi Mkasi alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, mikono yake kaiweka magotini, anaitazama. Siyo bustani aliyokuwa akiitazama. Ni mikono.

"Bibi," akaniambia, "labda ni kweli. Labda ni mkono."

Mvua zilikuwa zimeanza kunyesha kwa kusitasita, kama mgeni anayevua viatu mlangoni.

Nikamwambia, "Na ile ndoo?"

Akageuka. Kwenye ndoo mchicha ulikuwa umejaa mpaka unamwagika, majani mapana kama kiganja. Mkono uleule, maji yaleyale, jua lilelile.  Kisha akaenda kuchukua jembe, akaanza kuchimba kona ile, si kwa kupanda, kwa kutafuta. Alichimba mpaka magoti yake yakalingana na ardhi, ndipo jembe likakwaruza mawe. Mawe yamepangwa, yamefuatana, yanatoka upande wa nyumba yakiteremka mpaka pale kwenye kona. Mfereji wa zamani, umefukiwa. Na katikati ya mawe, vitu vidogo vyeupe, vya bluu, vya kahawia.

Vifungo. Vifungo vya mashati, wajukuu zangu. Vya mfupa, vya plastiki, vingine bado vina uzi ndani ya matundu.

Mwingine angeviona akadhani ni takataka. Bi Mkasi hakuhitaji kuelezwa. Kifungo hakidondoki penye kuvaliwa tu. Hudondoka zaidi penye kufuliwa. Miaka yote ya dobi, maji ya sabuni, ya magadi, ya dawa kali ya kung'arisha shuka, yalishuka kwa mfereji ule yakaishia kwenye kona ile, na ardhi ikayanywa kwa sababu haikuwa na mdomo wa kukataa. Kilichokuwa kikimchomea miche kilikuwa kimelala mle chini kabla hajaolewa. Baadaye mtu akaufukia mfereji, akatandaza udongo mwekundu juu, akafagia.

Mama Dobi alikuwa barazani, ungo mapajani, anachagua mchele. Bi Mkasi alikwenda vilevile alivyo, matope mpaka kwenye mapaja, akafungua kiganja juu ya ungo. Vifungo vikaanguka katikati ya mchele.

"Mama, ulijua?"

Nilishika mabati. Nilitaka kusikia, nikatamani nisisikie.

Mama Dobi hakuinua uso. Aliokota vifungo kimoja kimoja, kama anavyookota mawe na chuya, akaviweka pembeni ya mkeka. Kisha akaendelea na mchele.

"Mama."

"Maji hayatachemka yenyewe, kawashe moto," akasema Mama Dobi.

Jibu lilikuwa hilo, na lilibaki hilo. Bi Mkasi akauliza tena kesho yake wakati wa kuanika nguo, mama mkwe akasema kamba imelegea. Akauliza wakati wa kula, mama mkwe akasema chumvi imezidi. Mwisho akaacha kuuliza. Akatafuta magunia.

Alipata ya unga, ya mkaa, ya saruji akayakung'uta. Udongo aliuchota kwangu, na mwingine kando ya njia ya kwenda kiwandani, kule nyasi zinakoota bila kuombwa. Alibeba kichwani asubuhi na jioni, watu wakimuuliza, "Bi Mkasi, unahamisha nchi?" naye akijibu, "Nchi imenikataa, naibeba nyingine." Aliyatoboa magunia ubavuni kwa mkasi wake wa zamani, tundu moja moja, kwa mpango, na katika kila tundu akachomeka mche. Mvua zilipokolea, ua ule ulikuwa ukuta wa kijani. Nyanya zilining'inia. Muuza duka alikuja kununua mchicha wa kuuza dukani kwake, mkia kati ya miguu, na Bi Mkasi akamwambia, "Karibu, kaka, gusa tu, mimi sina watoto."

Mama Dobi alikula mboga zile kila siku. Sikumsikia akisifu, sikumsikia akikataa. Alisukuma bakuli mbele likajazwa tena.

Mvua zilipokatika, mwana akapiga simu. Bi Mkasi alikuwa akifunga nyanya kwenye vijiti, akaiweka simu juu ya gunia, sauti wazi, akaendelea kufunga.

"Mke wangu, mama anasema kona haijaota."

"Njoo uone kilichoota."

"Amesema mlikubaliana kona. Magunia si kona."

"Kona imekufa, mume wangu. Imeuawa na maji ya kazi ya baba yako. Muulize mama kama alijua."

 Nyuma yake nilisikia lori likinguruma.

"Usinigombanishe na mama yangu," akasema. "Dada hana pa kulala. Wewe una kwenu. Ni kwa muda tu."

"Muda gani?"

"Muda tu."

Bi Mkasi alikata simu kwa kidole chenye matope. Nilipitisha mkono wangu kwenye tundu la mabati, akaushika. Mimi ni mzee, nina methali ya kila jambo, lakini siku ile hata moja haikunijia.

Mwenye mkokoteni alikuja asubuhi. Alidhani anakuja kubeba kitanda na sanduku, akakuta magunia ya mboga. "Dada, hii ni safari au ni soko?" Bi Mkasi akamwambia abebe kwa adabu, yana uhai. Kitanda alikiacha. Mlangoni godoro la wifi yake lilikuwa limeshaegemezwa, limekunjwa na kufungwa kamba, linangoja.

Mama Dobi alisimama barazani na ufagio wake. Gunia moja, la bamia, lilibaki chini ya dirisha la pasi.

"Hilo umelisahau," akasema.

"Sikulisahau, Mama. Hilo ni la kwako. Lipe maji jioni, kwenye shina. Ukimwaga mchana litaungua."

Mama Dobi akatazama bamia, akatazama kona yenye shimo, ambalo hakuna aliyelifukia. Ufagio ulikuwa mkononi lakini haufagii. Mkokoteni ukaanza kulia magurudumu. Bi Mkasi alishika gunia la nyuma lisianguke, akatembea nalo mpaka langoni, kisha akasimama. Hakugeuza mwili, aligeuza shingo tu.

"Mama. Niliuliza neno."

Nilidhani atasema jua limekuwa kali. Nilidhani atasema lango lifungwe, mbuzi wasiingie.

"Nilijua," akasema Mama Dobi. "Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja uchoke, nawe huchoki."