Nyumba Chini ya Bwawa

Delmer Haskett alikuwa na wivu wa siku nyingi, ule usiopiga kelele. Yeye ndiye kifungua mimba, ndiye aliyebaki Oklahoma kulima ngano na kumuuguza baba yao, mzee Orval, alipovunjika nyonga. Mdogo wake Royce alikwenda Dallas kutafuta maisha, akarudi na mke na sauti kubwa, na mzee akampa bila kuombwa shamba la bondeni, penye udongo mweusi kando ya kijito. Royce akajenga huko nyumba ya mbao yenye baraza pande zote.

Juu ya bonde hilo palikuwa na bwawa dogo la udongo, lililojengwa zamani kuzuia mafuriko. Tuta lake lilikuwa ndani ya malisho ya Delmer, naye ndiye aliyelitunza: alifyeka nyasi, aling'oa mierebi, aliziba mashimo ya mafuko. Miaka yote hiyo hakuna ofisa aliyefika kumwambia hata ahsante. Lakini Royce hajamaliza kupaka rangi, mkaguzi wa jimbo akatokea, mama mmoja aitwaye Renata Kubik. Akalizunguka tuta, kisha akasema bwawa limepanda kutoka daraja la hatari ndogo hadi hatari kubwa.

"Limeharibika wapi?" Delmer akauliza. "Nalitunza kama yai."

"Halijaharibika, bwana Haskett. Daraja halisemi tuta ni bovu. Linasema tuta likivunjika, nani atakufa. Zamani huko chini walikuwa ng'ombe. Sasa kuna watu wanalala."

Akaeleza kwamba njia ya kupitishia maji ya ziada lazima ipanuliwe, nayo itapita katikati ya shamba la nyasi la Delmer. La sivyo, nyumba iondoke.

Delmer alijua mama yule hakusema uongo, lakini wivu hauna masikio. Hata serikali, alijisemea, imengoja Royce arudi ndipo ituone. Tangu siku hiyo akatundika fyekeo ukutani, mafuko wakachimba watakavyo.

Mvua za Mei zilipokuja zilikuja kwa hasira. Asubuhi moja Delmer alikwenda kutazama, akakuta bwawa limejaa, na chini ya tuta maji yanabubujika kutoka shimoni. Maji maangavu yasingemtisha. Haya yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake tuta lilikuwa likiliwa kwa ndani. Akainua macho. Kule bondeni, barazani kwa Royce, baba yake ameketi na kikombe cha kahawa, na wala mzee hakuwa amemwambia Delmer kwamba anakwenda huko.

Wazo likamjia: waache. Lilikaa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akatoa simu.

"Royce, mpandishe baba kilimani na mkeo, sasa hivi. Halafu lete lori lako la changarawe."

"Changarawe niliyonunua ya njia ya gari? Kaka, unanitania."

"Ningekuwa nakutania ningecheka. Tuta linatoboka."

Wakamwaga mchanga juu ya shimo, wakamwaga changarawe juu yake, ili maji yapite lakini udongo ubaki, wamelowa hadi mifupani, mpaka maji yakaanza kutoka maangavu. Ndipo Royce akauliza kama si Delmer aliyekuwa akiziba mashimo ya mafuko.

"Nilikuwa mimi."

"Ukaacha kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

Royce akaegemea koleo. "Kila nikimpikia baba," akasema, "ananiambia Delmer anapika vizuri zaidi."

Nadine, mke wa Royce, alikataa kulala tena bondeni. Nyumba ikanyanyuliwa, ikakokotwa na trela hadi kilimani, ikawekwa jirani kabisa na ya Delmer. Bwawa likarudi daraja la hatari ndogo, na Delmer akarudi kufyeka.

Mzee Orval sasa hushinda barazani kwa Royce, na Delmer humwona kupitia dirisha la jikoni. Siku nyingine huvuka uwanja akaketi nao. Siku nyingine hujifanya ana kazi.