Ada ya Mwaka Hulipwa kwa Kimo

Uvumi uliletwa na mteja aliyekuja kubadilishiwa zipu. Alikaa kwenye benchi, viatu kavua, akasema kwamba kule kwenye chama cha wataalamu wa wadudu, mwanachama asiye na fedha hulipa ada kwa kimo.

"Wanampima mlangoni, wanachukua chao, anaingia," alisema. "Mimi nimesikia tu, mwenzangu. Usinitaje."

Fundi cherehani, pini mdomoni, aliendelea kubana zipu. Asubuhi ileile alikuwa amepandisha pindo la sketi ya binti yake sentimita kumi. Uvumi ule ulimganda kama nyuzi kwenye nguo nyeusi. Akiupangusa huku, unatokea kule.

Alipofika nyumbani alimuuliza. Binti alikuwa amepiga magoti akihesabu fukusi wa mahindi ndani ya vikopo ishirini vilivyopangwa chini ya kitanda. Alisema ndiyo, ni kweli.

"Ni sentimita kumi tu, Mama. Bila uanachama jarida lao halichapishi utafiti wangu, na asiyechapishwa hapati kazi."

"Na wakubwa nao wanalipa?"

"Wakubwa hawalipi. Wao ndio wanaopokea."

Mama angeweza kusema mengi. Alisema, "Basi vumilia, mwanangu. Mkono mtupu haulambwi." Akachukua sketi ya pili akaipandisha, na kwa kuwa alikuwa fundi hodari, mtaa mzima haukuona kitu.

Mwaka wa pili ada ilikuwa sentimita ishirini. Wa tatu, arobaini. Kila mara alipandisha mapindo kwa wakati, akabana mabega, akafupisha mikono, na majirani wakasema yule binti hazeeki. Miezi hiyohiyo Mwenyekiti wa chama alimletea suruali zake ziteremshwe pindo. Alikuwa mtu wa adabu, akiinama mara mbili kuingia kibandani. Alilipa vizuri na hakuomba kupunguziwa.

Mwaka wa nne binti alikuwa na sentimita tisini. Likaja tangazo la mkutano mkuu: pendekezo la ada mpya, sentimita sabini.

"Jitoe," mama alisema.

"Ada ya kujitoa ni mia moja, Mama. Nilikuwa nayo mwaka ule wa kwanza, ukaniambia nivumilie."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa akipanda kiti, na kupanda kiti kulimmaliza pumzi.

Fundi akapiga moyo konde. Kanuni ya chama ilikuwa fupi: kura hupigwa kwa kunyoosha mkono, na mikono inayohesabiwa ni ile inayoonekana kutoka meza kuu. Wanachama walikuwa arobaini na mmoja. Wakubwa walikuwa tisa. Thelathini na wawili waliobaki walikuwa kimo cha binti yake au chini yake, na madawati ya ukumbi yaliwazidi. Kwa siku tatu alishona mikono thelathini na miwili ya kitambaa chekundu, kila mmoja una waya ndani na kiganja cha pamba mwishoni.

Siku ya mkutano alikaa nyuma, kwenye viti vya wageni. Mhazini alisoma hoja. Alisema gharama zimepanda, dari la ofisi limelazimika kuinuliwa tena, na chama kinawashukuru vijana kwa moyo wao wa kujitolea.

"Wanaounga mkono?" aliuliza Mwenyekiti.

Mikono tisa mirefu ilipanda hadi karibu na feni.

"Wanaopinga?"

Nyuma ya madawati ikanyanyuka mikono thelathini na miwili myekundu, ikayumbayumba. Mwenyekiti aliitazama kwa makini, maana alikuwa mtu wa haki.

"Katibu, vile ni nini?"

"Nguo, Mheshimiwa."

"Nguo hazina uanachama. Andika: wanaopinga, hakuna. Hoja imepita kwa kauli moja." Kisha akamwona fundi kule nyuma, akampungia. "Ala! Mshono ule ni wako, fundi? Kazi safi. Nitakuletea makoti."

Sauti thelathini na mbili zilipinga, lakini kanuni haikutaja sauti.

Ada ililipwa papo hapo, kwa foleni. Mhazini alikuwa na rula ya mbao, na alimwomba radhi kila mmoja kwa zamu yake. Fundi alimrudisha binti yake nyumbani ndani ya mfuko wa koti, kichwa kimetokeza ili apate hewa.

Mwezi uliofuata jarida lilichapisha utafiti wa fukusi, ukurasa mmoja, jina la binti likiwa juu. Mama alilitandaza mezani. Binti alivua viatu, akapanda juu ya ukurasa, akausoma akitembea kutoka mstari hadi mstari.

"Wamekosea tarakimu," alisema alipofika chini.

"Wapi, mwanangu?"

"Hapa nilipokanyaga."

Jalada la nyuma lilitangaza mkutano mkuu ujao na pendekezo la ada: sentimita kumi na tano. Wanachama waliombwa kufika mapema ili wapate viti. Mama alikata gauni kutoka kwenye leso moja, kitambaa kikabaki. Halafu akarudi kwenye makoti ya Mwenyekiti, yaliyokuwa sita, yote ya kurefusha.

Kwa hiyo, wenye watoto waliosoma, mambo ya kuepuka ni haya:

Kumwambia mtoto avumilie kabla hujauliza anavumilia nini.

Kupandisha pindo kimyakimya.

Kumwingiza kwenye chama kabla ya kusoma ada ya kutoka.

Kukubali kura ya mikono kwenye ukumbi wenye madawati marefu.

Kumshonea Mwenyekiti.

Kufungua dirisha siku ya upepo, hata kama joto ni kali na mtoto mwenyewe ameomba.