Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine

Katika maabara yetu hapa mjini Hsinchu, kila mashine ina pakiti ya kijani ya bisi juu yake, kama hirizi, ili taa zake zisigeuke nyekundu. Ya njano ni kujitafutia balaa, na iliyopitwa na tarehe ni matusi. Mimi na digrii zangu naamini hivyo, na anayetaka kucheka akachekee kwao.

Siku ile mwenzangu wa maabara Pei-shan alileta pakiti kubwa kama mto wa kulalia. Sikumtania. Seli tulizokuwa tunachapa kwa mashine, kama wino, zilitoka kwenye uvimbe wa saratani wa mama yake. Mashine ingezidondosha kwenye kioo, vitone mamia, kila safu ijaribiwe dawa yake, tujue ipi inauweza uvimbe ule. Daktari alishasema hamkati tena mama kinyama cha kupima, hana nguvu. Seli zilikuwa hizo tu.

Tulipofika safu ya tatu nikachungulia kwenye hadubini. Vitone vilikuwa vimesinyaa.

"Simamisha! Zinakauka!"

"Haiwezekani, dada. Mvuke nimewasha mwenyewe!"

"Basi mbona humu ndani mkavu?"

Seli zikikawia kwenye sindano huzama na kuziba tundu, na hapo ndiyo basi. Jasho likanitoka. Pei-shan alibonyeza kila kitufe, kisha akaipiga mashine kofi.

"Leo usinifanyie hivi, wewe! Siku nyingine zote, lakini siyo leo!"

"Acha kuibembeleza, angalia bomba!"

Nikazunguka nyuma. Pakiti ilikuwa imeteleza ikalalia tundu la mvuke, imelowa chapachapa. Nikanyoosha mkono, nikasita. Pakiti haiondolewi mashine ikiwa kazini. Hata mkuu wetu hathubutu.

Pei-shan akaona ninapoangalia. Uso ukamshuka.

"Nimeiweka mimi," alisema. "Nilitaka kubwa, imlinde mama vizuri."

Akainyakua mwenyewe. Mvuke ukajaa. Tukazitikisa seli taratibu, tukaendelea, na vitone vikatua vimenona, vikabaki hivyo hadi mwisho wa kioo. Nilitaka kushangilia.

"Dada," akaniuliza, "na kama dawa ya mama ilikuwa kwenye zile safu tatu zilizokauka?"

Nikaifuta ile pakiti kwa koti langu, nikaiweka mezani, mbali na tundu. Kuitupa, hakuna kati yetu aliyethubutu.