Risasi ya Daktari wa Meno

Daktari wa meno aliyeitwa Koleo, jina alilobandikwa na wagonjwa wake na ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka akiwa bado amekaa kwenye kile kiti, alitaka bunduki ya masafa marefu. Si ya kuwinda. Hata kuku akichinjwa yeye hupoteza hamu ya chakula. Alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha, na kila Jumamosi wenzake waligonga sahani ya chuma umbali wa mita elfu moja, naye kwa bunduki ya kuazima akaambulia vumbi.

"Chagua risasi kwanza," fundi wa bunduki alimwambia, akisimamisha mbili juu ya kaunta. "Bunduki ni nyumba tu, risasi ndiyo mwenye nyumba. Ukishachagua nakutengenezea mtutu wake, na hapo hakuna kurudi nyuma."

Ya kwanza ilikuwa ya milimita sita na nusu, nyembamba, ya kistaarabu, kama kalamu ya karani. Ya pili ilikaribia milimita tisa na urefu wake ulitosha kumtishia mtu. Koleo aliipima hiyo ya pili kiganjani, akahisi mabega yanapanuka.

"Hii."

"Hiyo inafika mita elfu moja na mia tano," fundi alisema. "Uwanja wenu unaishia elfu moja."

"Akiba haiozi."

"Akiba haiozi, ila bega linaoza," ilisema sauti kutoka kwenye benchi la wateja.

Alikuwa mama mkwe wa Koleo. Aliomba lifti tu ya kwenda kununua vitambaa, lakini alikuwa pia sajenti mstaafu aliyefundisha askari kulenga kwa miaka ishirini na mitatu, na duka la bunduki kwake lilikuwa kama sebuleni. Koleo alimheshimu kupita kiasi. Siku moja mama mkwe alikalia miwani ya Koleo, na Koleo ndiye aliyesema samahani.

"Mama, ni upepo," alijitetea kwa adabu. "Kichwa kizito cha risasi hakipeperushwi ovyo."

"Kweli, upepo hautakipeperusha. Utakipeperusha wewe."

Fundi, mtu wa kuepusha shari, alipendekeza wakutane uwanjani Jumamosi. Klabu ilikuwa na bunduki za aina zote mbili; ajaribu, aamue.

Jumamosi Koleo alilala kifudifudi kwenye mkeka, akaanza na lile dubwana. Lilimpiga teke hadi kofia ikamvuka. "Safi sana!" alisema, machozi yakimlengalenga. Akapiga ya pili, ya tatu, ya nne. Vumbi lilitimka kulia, kushoto, na mara moja karibu sana hivi kwamba mwenyekiti wa klabu alisogeza kiti chake. Koleo alilaumu upepo, kisha darubini, kisha chai ya asubuhi.

"Pumzisha bega, baba," mama mkwe alisema kwa upole wa kutia shaka. "Hii nikupakilie mimi."

Alipakia. Koleo akalenga, akashusha pumzi, akavuta kifyatulio.

Tik.

Hakuna kilicholia. Lakini Koleo alikuwa tayari amefumba macho, bega limeruka nyuma, mtutu umeinama kama jembe, na koo lake limetoa mlio mwembamba ambao aliufahamu vizuri, maana aliusikia kila siku kazini. Watu kumi na wanne walikuwa wakimtazama. Walicheka wakakaa chini.

"Nimekuwekea risasi isiyo na baruti," mama mkwe alisema. "Bunduki haijalia, wewe umeshalia."

Koleo alikwenda kujifungia garini, akapandisha vioo. Alikuwa na hasira ya kutosha kung'oa magego bila ganzi. Mama mkwe alimfuata, akagonga kioo mpaka kikashushwa.

"Mgonjwa akiruka kabla sindano haijamgusa, unamwambiaje?"

"Namwambia atulie."

"Anatulia?"

Koleo alifikiri. "Hatulii, mama."

"Sasa unafanyaje?"

Jibu alikuwa ameshaliona na halikumpendeza hata kidogo. "Natumia sindano nyembamba."

Mama mkwe alimfungulia mlango.

Ile ndogo ilimgusa bega kama rafiki anayesalimia. Mama mkwe alipakia yeye, akichanganya nzima na bandia bila kusema ipi ni ipi. Mara mbili za mwanzo ilipolia tik, Koleo alishtuka. Mara ya tatu mtutu haukutikisika. Iliyofuata ililia kweli. Akahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kutoka kule mbali ikarudi sauti ya chuma: ngiii. Alimkumbatia mama mkwe kabla hajakumbuka kwamba hilo halifanyiki.

"Milimita sita na nusu," alimwambia fundi. "Na ukimsimulia mtu habari za leo, meno yako nayajua."

Miezi miwili baadaye bunduki yake mpya iliingia mashindanoni. Mama mkwe aliiazima, akashika nafasi ya pili, kisha akalalamika kuwa kifyatulio ni kigumu. Koleo alikuwa wa kumi na moja kati ya kumi na tisa.

"Na wewe?" mkewe aliuliza walipofika nyumbani, akiwa ameshasikia matokeo ya mama yake.

"Nimewashinda wanane," Koleo alisema, akaenda kuoga huku akipiga mluzi.