Ndugu Zake Sili

Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikiwa nimesimama. Mara ya tatu nikakaa chini sakafuni, mwalimu mzima.

Kitabu kilikuja na sanduku la msaada hapa shuleni kwetu Ifakara, mwaka 1998. Kulikuwa na picha ya sili wa manyoya kajilaza juu ya jabali, na maelezo: sili ni ndugu wa mbwa, dubu na fisi maji. Nyangumi si wa ukoo wake, ni wa upande wa kiboko na ng'ombe. Nguva naye yuko upande wa tembo. Wanachangia bahari tu.

Mungu wangu, Kija!

Mwaka uliotangulia, wafadhili walitaka msichana mmoja wa kumlipia masomo ya kidato cha tatu. Mtihani nilitunga mimi. Swali la mwisho lilikuwa na picha ya sili: taja ndugu zake. Jibu langu lilikuwa nyangumi na nguva. Kija, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Michenga, aliandika: "Mbwa. Picha inaonyesha ana masikio na kucha, na anatembea kwa miguu minne."

Nilicheka mpaka walimu wenzangu wakaja kusoma. Mimi Mndamba, nimekulia kwenye mtumbwi. Mtoto wa wachunga ng'ombe anifundishe wanyama wa majini? Nikampa kosa kwa wino mwekundu. Alikosa nafasi kwa alama moja, akaenda Gladness, mwenzake wa darasani.

Nilipanda baiskeli hadi Michenga bila hata kunywa chai. Baba yake Kija alikuwa zizini, akimfunga ndama kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Kuna msiba?"

Nilimfungulia kitabu pale pale kwenye samadi, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Aliinama kuitazama picha.

"Kwa hiyo mwanangu alipata?"

"Alipata, baba. Aliyekosa ni mimi. Niitie Kija nimwombe radhi, kisha twende wote kwa mkuu wa shule."

Aliiachia kamba, ndama akakimbia.

"Tulishamwoza, mwezi wa nane," alisema. "Alilia siku mbili akisema jibu lake ni sahihi. Nikamchapa, kwa kumbishia mwalimu wake."